Nyuma Anakaa Nani?

Nyie vijana wa hapa gereji mna mchezo mmoja. Bodaboda ikija, mkiniona nimeinama kuchungulia shokapu ya nyuma kabla sijashika hata spana, mnakonyezana. "Mzee Bakari anaitafuta Doha," mnasema. Nasikia. Nimestaafu mimi, masikio hayajastaafu. Basi leo kaeni hapo kwenye matairi niwaambie kwa nini nainama. Hiyo injini mliyoifungua haina miguu, haitakimbia.

Kazi yangu kule Qatar ilikuwa kwadi, zile pikipiki nene za magurudumu manne. Ukitoka Doha kwenda kusini, ukaipita Al Wakrah na viwanda vilivyo mbele yake, lami inakwisha na vilima vya mchanga vinaanza. Si vichuguu. Ni vilima ambavyo ukisimama chini unashika kofia ili uone juu. Baridi ikiingia, wenyeji wanahama na mahema, na kila hema lina kwadi zake, na kila mwenye kwadi anataka apande kilima kuliko jirani. Wakishindwa wanakuja kwangu. Nasema wanakuja kwangu na sioni haya. Minara ya West Bay, pale mjini Doha, ilipokuwa bado inahesabika kwa vidole, mimi nilikuwa nafagia gereji. Ilipokuwa imejaa mpaka huoni bahari, watu walikuwa wanateremsha kioo cha gari na kuuliza, "Bakari yuko?" Nikiwa sipo, wanageuza.

Lakini nilianza vibaya, tena vibaya sana. Nilitoka Korogwe fundi pikipiki ninayejua kila kitu, kama nyie sasa. Kwetu tairi lililolegea ni aibu, hata mtoto anakupigia kelele barabarani kwamba una pancha. Basi kwadi ya kwanza niliyopewa nikaijaza upepo mpaka ukiligonga tairi linalia. Mwenyewe akaenda nayo jangwani. Ilichimba shimo, ikajizika hadi ekseli, na yule bwana akarudi na mchanga kwenye nyusi. Alipomaliza kunitukana kwa Kiarabu, akaanza upya kwa Kiingereza, akidhani la kwanza sikulielewa.

Aliyeniokoa ni msimamizi wetu, Basheer, mzee wa Kihindi kutoka Kerala. Alikuja na kipimo kidogo cha upepo, akakitia mfukoni mwangu, akaniambia kwa kile Kiarabu chetu cha gereji, ambacho Mwarabu mwenyewe hukielewa kwa huruma tu: "Shuf, tazama, Bakari. Mchanga si lami. Mchanga ni godoro. Mtu analala kwenye godoro na viatu?" Akanionyesha kutoa upepo hadi tairi libonyee kwa kidole gumba, likanyage kwa upana kama unyayo wa ngamia. Tangu siku hiyo nikamfuata kila anapokwenda.

Basheer hakuwa na mashine ya kupimia shokapu. Alikuwa na glasi ya chai. Anaiweka juu ya keria ya nyuma, anakibonyeza kiti kwa mikono miwili, anaachia. Chai ikimwagika, springi inarudi kwa hasira. Ikitikisika tu ikatulia, khalas, imekaa sawa. Siku aliyonipa mimi nijaribu, chai yote ilimwagikia viatu vyake. Alinituma nikanunue nyingine, kisha nyingine, mpaka muuza chai akaniuliza kama nina sukari. Baadaye zilikuja shokapu za kisasa zenye vifundo vya kuzungusha, kila ukikizungusha kimoja kinabofya, na vijana walikuja na simu zinazowaambia wabofye mara ngapi. Sizibezi, nilizitumia. Lakini hata ile ya kisasa nilikuwa nikishaibofya naiwekea glasi ya chai, na vijana walikuwa wanacheka, na baadaye waliacha kucheka wakaanza kuniletea chai.

Sasa sikilizeni, hii ndiyo kazi yenyewe. Chombo kikipanda mlima, uzito unakimbilia nyuma. Nyuma inachuchumaa, mbele inainuka. Mbele ikiinuka, usukani unakuwa mwepesi mkononi, unakata kulia chombo kinakwenda kinakotaka, kwa sababu magurudumu ya mbele yanashika hewa. Kikizidi, kinakupindukia. Dawa ni kukaza springi ya nyuma isichuchumae, kulegeza ya mbele kidogo, na kuichelewesha shokapu ya mbele isirudi juu kwa haraka, ili pua ibaki chini. Rahisi, sivyo? Haya, ukikaza nyuma kupita uzito wa mtu aliyekaa juu, inarukaruka, tairi haling'ati mchanga, chombo kinakwenda ubavu, na ubavuni mwa kilima ndiko watu wanakobiringika. Kwa hiyo huwezi kukaza wala kulegeza mpaka ujue nani anakaa juu. Basheer alikuwa na msemo wake: "Usiiulize mashine. Liulize tumbo lililokaa juu ya mashine." Kila mteja tulimkalisha pale pale gerejini, miguu juu, mikono kwenye usukani, tunapima springi imebonyea kiasi gani. Wapo waliokuja wametoka kula, tukawaambia vizuri, kilimani utapanda nacho hicho hicho.

Basi, Basheer alikwisha rudi kwao Kerala, mimi niko gereji ya Al Wakrah, ndipo alipokuja Onyango. Huyu alikuwa Mkenya wa Kisumu, dereva wa nyumba moja ya watu wenye heshima zao, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Alikuja anavuta tela, juu yake kwadi nzuri ya kiti kirefu, na kofia moja ya kinga imening'inia kwenye usukani.

"Fundi, hii kitu ikipanda inainua kichwa kidogo," akasema. "Wanataka itulie."

"Mpandaji yuko wapi akae nipime?"

Onyango akatazama huku na huku. "Buda, mpandaji ni binti ya nyumba. Nura. Sasa nimlete aje akalie hapa, nyinyi wanaume wote mkitoa macho? Hiyo kazi nitaipoteza leo."

Alikuwa na haki. Kule huwezi kumwambia baba wa mtu amlete binti yake gereji, mwanamume mgeni apige magoti pembeni yake kutazama anavyobonyeza springi. Hata kuuliza kilo zake ni kujitafutia. Nikamwomba Onyango aulize kwa adabu, kupitia kwa mama. Jibu likarudi: "Mwambie fundi binti yangu ni mwepesi."

Na mama gani atasema binti yake ni mzito? Hata hivyo nikafanya kama nilivyoambiwa. Mtu mwepesi, springi za kiwandani zinamdundisha na zinamsukuma pua juu. Nikaweka mifuko ya mchanga kwenye kiti, kiasi cha msichana mwembamba, nikalegeza mbele, nikalegeza na nyuma ili vilingane. Nikaweka chai, haikumwagika. Nikaifuta kwadi, nikairudisha, nikaenda kula wali wangu nimeridhika.

Ijumaa ilipopita, Onyango akarudi na tela, uso umemshuka. "Fundi, imeniletea noma. Sasa inainuka kushinda mwanzo. Madam amekasirika vibaya."

Jamani, niliizunguka ile kwadi kama kuku anayetafuta yai lake. Nikapima upya, nikaweka mifuko, kila kitu sawa. Nikaishutumu shokapu, nikamshutumu aliyeitengeneza, nikamshutumu Nura kwamba anakula kisiri. Niliudhika hasa. Jina langu lilikuwa chakula changu pale.

Jioni simu ikalia, namba nisiyoijua, sauti ya mwanamke, Kiswahili cha nyumbani kabisa.

"Shikamoo kaka. Wewe ndiye Bakari fundi?"

"Marahaba. Ndiye."

"Naitwa Zaituni. Nafanya kazi kwa kina Nura. Namba nimepewa na Onyango. Wewe kabila gani kaka?"

"Mzigua."

Akacheka. "Ndiyo maana. Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Mtani, umetaka kuniua."

Nyie mnajua Mzigua na Mnyamwezi wakikutana. Hata msibani hatuheshimiani. Nikamwambia kama Mnyamwezi angekufa ningekuwa nimesikia, wanajulikana kwa kelele. Akanijibu maneno ambayo hapa siyasemi. Kisha sauti ikabadilika.

"Sikiliza, mtani. Nura haruhusiwi kupanda peke yake. Mimi ndiye ninayekaa nyuma yake. Juzi chombo kilipoinuka nilidondoka kwa nyuma, nikateremka kilima kwa mgongo. Namshukuru Mungu ni mchanga."

Nilikaa kitako chini pale pale, kwenye sakafu yenye oili.

"Unakaa nyuma? Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nani akuambie? Umeuliza nani anapanda, wamekwambia Nura."

Nikafahamu yote kwa mara moja. Mtu wa nyuma anakaa huku mwisho, juu ya ekseli na zaidi. Mimi nimelegeza springi kwa ajili ya msichana mmoja mwepesi, kumbe juu yake kuna mama wa Kinyamwezi. Ilikuwa lazima ichuchumae. Na nyumba ile haikunidanganya, waliulizwa binti, wakamtaja binti. Zaituni alikuwa akienda kila alikokwenda Nura, na kwa sababu alikuwepo daima, hakuna aliyekumbuka kumtaja.

"Mama amesema hivi," Zaituni akaendelea. "Kikiinuka tena, kwadi inauzwa, na mimi narudishwa kwetu, kwa sababu mimi ndiye niliyekabidhiwa Nura. Nimemlea toka anatambaa, mtani. Nilimfunga mgongoni kwa khanga mbele ya bibi yake, na bibi yake, asiyezoea mtoto kubebwa hivyo, akanisusia siku nzima. Siko tayari kuondoka hivyo, kwa sababu ya springi yako."

"Basi msipande."

"Nisipande?" Alikasirika kweli sasa. "Nani kakwambia napanda kwa kulazimishwa? Napenda. Babu zangu walitembea na mizigo kichwani mpaka pwani, mimi nitatishwa na mchanga?"

"Walipita kwetu wakala mahindi wakaondoka bila kuaga," nikasema. Tukacheka wote wawili, lakini mimi kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Lazima nipime wawili wamekaa juu, na mimi siwezi kuwepo, na picha za upande wa wanawake hazipigwi. Nikamuuliza, "Jikoni mna nini kirefu, chembamba, kinachokatika?"

Akafikiri. "Vijiti vya mishikaki."

Hapo, vijana, ndipo nilipojua nimepata mtu. Nikamweleza pole pole. Achutame upande wa nyuma ya kwadi. Atafute ekseli, chuma kinachopita kati ya magurudumu, na fremu iliyo juu yake. Kijiti kisimame kati ya hivyo viwili, kisipime kutoka chini, maana mchanga unazama na utamdanganya. Kijiti cha kwanza akikate kiti kikiwa kitupu. Cha pili, Nura amekaa. Cha tatu, wawili wamekaa kama wanavyokaa siku zote, miguu juu, bila kujibana pumzi.

"Tukikaa wote, nani atakata?" akauliza.

"Tafuta mtu."

"Watu wako wapi mtani? Hapa mahemani kuna sisi na mama."

"Basi mama."

"Nitamwambia. Akinifukuza leo badala ya Ijumaa, nakuja kulala kwako."

Asubuhi nikampa Onyango kwadi airudishe mahemani, na jioni akaileta tena, na vijiti vitatu vimefungwa pamoja kwa uzi wa kushonea. Mdomo ulikuwa haufungiki. Alisimulia alivyosikia kutoka nyuma ya turubai na alivyoambiwa na Zaituni: Nura anacheka, Zaituni anatoa amri kama askari, na mama mwenye nyumba, yule yule aliyekasirika, amepiga magoti mchangani na abaya yake, kijiti mkononi, anauliza, "Hapa? Nikate hapa?" Onyango alisema kijiti cha tatu mama alikikata mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuridhika na mkono wake. Nikampenda mama yule bila kumwona.

Nikaanza kazi. Nilisimamisha kijiti cha kwanza kati ya ekseli na fremu, kikaingia sawasawa, nikajua wamepima palepale nilipotaka. Nikapakia mifuko ya mchanga kwenye kiti, mbele, taratibu, mpaka kijiti cha pili kikaenea. Huyo Nura. Kweli alikuwa mwepesi, mama hakusema uongo, Mungu anisamehe kwa yale ya kula kisiri. Kisha nikapakia nyuma ya kiti, mfuko baada ya mfuko, mpaka kijiti cha tatu kikagusa juu na chini. Kilikuwa kifupi, karibu sawa na kidole. Nikarudi hatua nikaitazama ile kwadi imechuchumaa. Watu wawili nisiowahi kuwaona walikuwa wamekaa gerejini kwangu, kila mmoja kwa uzito wake, na heshima ya mtu haikuguswa. Sijawahi kujisikia fundi kama siku ile. Vijana wenzangu wa gereji waliacha kazi zao wakaja kutazama, na mimi niliwaacha watazame.

Nikashika spana ya ndoano, nikakaza pete za springi za nyuma kidogo kidogo, kushoto na kulia sawa, mpaka ikanyanyuka na kubaki imeshuka kama theluthi tu ya mwendo wake. Mbele nikaacha laini, nikachelewesha shokapu isirudi juu haraka. Upepo nikautoa mpaka kidole gumba kikaridhika. Glasi ya chai ikatikisika, ikatulia. Halafu nikampigia mtani wangu: "Sogea mbele mpaka umgande Nura. Kikianza kupanda, lalieni kilima wote wawili. Na wewe usiangalie nyuma, nyuma hakuna Tabora."

Ijumaa, baada ya sala, baba wa nyumba akaniagiza nami niende. Wenyewe wanamwita Bu Jasim, yaani baba yake Jasim, mzee mrefu asiyependa maneno. Tulisimama upande wa wanaume, mbali, mimi, yeye na Onyango. Kilima chenyewe nilipokiona, nikaanza kuzihesabu upya kichwani zile pete za springi. Nilijua nimefanya sawa, na bado nilizihesabu. Kule juu Basheer hayupo, mifuko ya mchanga haipo, ni wale wawili, na mmoja wao ana mizigo yake yote imefungashwa kwa neno la mama.

Tukasikia injini. Wakatokea kutoka upande wa mahema, nguo nyeusi mbili zimeshikana, mbele kofia nyekundu, nyuma mtandio umefungwa kidevuni. Wakaugusa mwanzo wa kilima. Sikutazama watu, nilitazama magurudumu ya mbele. Wakafika katikati, pale mchanga unapolegea, nyuma ikashuka, nikashika mkono wa Onyango. Ikashuka kidogo, ikakataa kushuka zaidi. Pua ikabaki chini. Nikaona Nura anakata kushoto kukwepa bonde, na chombo kikaenda kushoto, kitiifu, kikanyooka, kikapanda mpaka kwenye ukingo, kikasimama.

Kisha kutoka kule juu vikashuka vigelegele, vya Unyamwezini kabisa, virefu. Na kutoka kwenye mahema ya wanawake mama mwenye nyumba akaviitikia kwa vya kwao. Onyango alikuwa ananipiga mgongoni na mimi nilikuwa nalia, niseme nini, nalia.

Bu Jasim akanigeukia. "Wajid zein," akasema, yaani vizuri sana. "Ilikuwa na ubovu gani?"

"Haikuwa mbovu, baba. Ilikuwa inabeba wawili, na sisi tulikuwa tumeihesabia mmoja."

"Wawili nani?"

"Nura na Zaituni."

Akatazama juu ya kilima muda mrefu, tasbihi imesimama mkononi. Akamwambia Onyango aniletee chai.

Zaituni hakurudishwa. Alikaa nyumba ile mpaka mwenyewe alipoamua kurejea Tabora, na mpaka leo Idi ikifika ananipigia simu kunitukana. Na mimi tangu siku ile, awe mwenye kwadi, awe mwenye bodaboda hapa Korogwe, nainama, naangalia kiti kimechakaa wapi, namuuliza, nyuma anakaa nani? Utaambiwa abiria. Uliza zaidi. Utasikia mke mjamzito anayepelekwa kliniki kupanda ule mlima wa misheni, utasikia bibi. Kaza springi kwa ajili yao, wamekaa upande unaochuchumaa.

Kwadi ile ilirudi kwangu kwa huduma msimu huo huo. Onyango aliposimamisha tela, niliona kofia za kinga mbili kwenye usukani. Ile nyekundu, na nyingine mpya, ya buluu. Nikaigeuza. Nyuma yake, kwa rangi nyeupe na mwandiko wa mtu asiye na haraka, ilikuwa imeandikwa Zaituni kwa herufi za Kiarabu.

"Ameandika nani?" nikauliza.

"Mzee mwenyewe," akasema Onyango. "Alikaa chini akaandika mbele yetu wote."

Nikaenda kunawa mikono kwa sabuni kwanza, ndipo nikaitoa ile kofia kwenye usukani, nikaitundika mahali pasipofika grisi.